Ng'ombe wa Mahari Aliyekondeshwa na Bahari

Yesaya Tuntufye,
Kata ya Ibaba, Ileje,
Songwe.

Kwa Mratibu,
Mradi wa Kuzamisha Hewa Chafu Baharini.

YAH: NG'OMBE WANGU KUKONDA KWA AJILI YA DUNIA

Ndugu Mratibu,

Natumaini u mzima na bahari haijambo. Sisi huku tu wazima, isipokuwa ng'ombe.

Utakumbuka mlikuja mwezi wa saba, baada ya mavuno, mkatukusanya wakulima ofisi ya kata. Mtaalamu wenu akatueleza kwamba mmea ukikua hufyonza hewa chafu, na ukioza huiachia tena. Hivyo mabua ya mahindi yakifungwa marobota na kuzamishwa kwenye kina kirefu cha bahari, hewa hiyo itakaa huko miaka elfu moja. Tukapiga makofi. Kisha ikapita karatasi, tukasaini tukijua ni ya soda, kama ilivyo kwenye semina zote. Kumbe ilikuwa ya kutoa mabua. Wiki iliyofuata lori likaja likabeba yote, na mimi mwenyewe nikasaidia kupakia, maana soda nilikuwa nimeshakunywa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mabua yale yalikuwa chakula cha kiangazi cha ng'ombe wangu, naye ni ng'ombe wa mahari. Mwanangu Osea amemchumbia Fides, binti wa Mzee Yonathani wa Itumba. Juzi tulimpeleka ng'ombe huyo. Mzee Yonathani akamzunguka mara mbili, akampapasa mgongo, akauliza kama tumeleta ng'ombe au kenchi ya paa la nyumba. Akamrudisha. Ametupa hadi Krismasi tulete ng'ombe wa kueleweka, la sivyo atasikiliza watu wengine. Tangu siku hiyo Osea hali chakula, naye ameanza kufanana na ng'ombe. Naumia sana, Ndugu Mratibu. Sijawahi kuaibika namna ile mbele ya washenga wangu.

2. Mabua yalipoondoka nilipanda lori hilo hadi mji wa Mpemba, kwenye barabara kuu. Lori lenu lilikwama siku mbili hapo kwenye foleni ya malori yaendayo Zambia, injini ikinguruma, ndipo likaanza safari ya pwani. Mimi si mtaalamu, lakini kwa moshi nilioushuhudia, mtahitaji mabua ya wilaya nzima kuufuta.

3. Mtaalamu alisema pia wapo wenzenu wanaomwaga unga wa chuma baharini ili vijimea vya majini vistawi na kufyonza hewa chafu. Wengine wanaimwagia chokaa kupunguza asidi. Yaani bahari inapewa vidonge vya chuma kama mama mjamzito, inapewa dawa ya kiungulia, halafu inaletewa pia mabua yangu juu yake. Ng'ombe wangu hapewi kitu. Naomba kujua bahari imechumbia wapi.

4. Naomba mabua yangu yaopolewe. Nitayapokea hata yakiwa na chumvi, ng'ombe anapenda.

5. Kama hilo haliwezekani, nimelifikiria kwa kina. Mtaalamu alitufundisha kwamba ng'ombe anapocheua hutoa hewa inayoharibu anga. Ng'ombe asiyekula hana cha kucheua. Kwa hiyo wangu ndiye ng'ombe safi kuliko wote Ileje. Naomba mnipatie cheti chenye muhuri, kinachothibitisha kwamba amekonda kwa faida ya binadamu wote, na kwamba kila ubavu unaoonekana uhesabiwe kuwa kilo kumi za nyama. Mzee Yonathani anaheshimu sana mihuri. Ukilete mwenyewe, ukiwa umevaa suti, umweleze kwamba mzazi anayekataa ng'ombe mwembamba anapinga juhudi za kuokoa dunia.

Nisalimie mtaalamu, dereva wa lori, yule dada aliyegawa soda, na samaki wote waliopokea mzigo.

Wako, mwenye mali chini ya bahari,

Yesaya Tuntufye

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha wamefika washenga wa kijana anayemtaka binti yangu Tumpale. Wameleta ng'ombe, na mabua yao nao mliyachukua. Wamenieleza habari za bahari, za anga na za vizazi vijavyo, tena wameeleza vizuri kuliko mimi. Nimezihesabu mbavu zote, nikawarudisha na ng'ombe wao. Tumpale yuko jikoni analia, lakini mahari ni mahari. Wakija kwako kuomba cheti, tafadhali uwaambie vimekwisha.