Kikuku cha Mama na Plaizi Yangu ya Umeme

Jumatatu, 18 Novemba

Dada Saida kaja dukani kwangu Magomeni saa nne asubuhi, kanikuta nimelaza kichwa juu ya redio ya mteja. Nimemwambia nilikuwa naisikiliza spika kwa karibu.

Kafungua kitambaa cheupe. Ndani, kikuku cha fedha cha marehemu mama. Kifungo kimeachia. Shamimu, binti yake, anaolewa Jumapili, na katika ukoo wetu bibi harusi hatoki chumbani mpaka mjomba wake amfunge kikuku hicho mguuni. Mjomba ni mimi. Hakuna mwingine.

Saida kaniagiza nikipeleke kwa Mzee Jafari, sonara wa Ufukoni. Kasema nisikiguse. Kasema mara tatu, na mara ya tatu kanishika mkono.

Alipoondoka nilikigusa. Maua madogo yamekizunguka chote, yamechorwa kwa mkono. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa ananipa nikisugue kwa majivu kila inapokaribia Idi. Nimekisugua kidogo kwa pindo la shati.

Kisha likaja wazo. Shemeji yangu Mustafa, baba yake Shamimu, anapita mtaani akisema siku hizi hata baba anaweza kufunga kikuku. Sawa. Nikikitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, nani atathubutu kuninyang'anya? Miaka ishirini na saba natengeneza redio. Kifungo ni kifungo tu.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda kwa Mzee Jafari. Kikuku nimekiacha nyumbani. Lengo lilikuwa upelelezi wa vifaa.

Nimemwambia nina rafiki anayetaka kuanza usonara, je, anahitaji nini? Mzee kafurahi, kanionyesha kimoja kimoja. Plaizi ya mdomo bapa, laini ndani, haina jino hata moja. Nyingine ya mdomo wa mviringo, ya kukunjia waya. Msumeno wenye wembe mwembamba kama uzi. Tupa ndogondogo, sita. Nyundo ya mbao. Vibano viwili, cha chuma na cha shaba. Hicho cha shaba kina msumari wake peke yake ukutani, juu ya bakuli la maji ya ndimu ya kusafishia. Mzee alieleza sababu. Wakati huo nilikuwa nahesabu tupa.

Kasema anayeanza huo ufundi akae miezi mitatu ananyoosha kipande cha shaba kwa tupa, hakuna kingine. Miezi mitatu! Nimemhurumia huyo mzee. Inaelekea wateja wamepungua.

Nyumbani nimekagua sanduku langu. Plaizi ninayo, ya umeme. Tupa ninayo, ya kunolea panga. Nyundo ninayo. Kibano ninacho. Ndimu ziko jikoni. Sikupungukiwa na kitu.

Jumatano, 20 Novemba

Mazoezi. Nimechukua waya wa shaba wa feni iliyokufa. Nimekunja, nimegonga, nimeunga kwa risasi ninayounganishia redio, kisha nimechemsha ndani ya maji ya ndimu katika sufuria ya nyumbani. Nimepata kulabu tisa. Mke wangu Zawadi kauliza ni za kuvulia samaki gani. Nimezifunika kwa gazeti.

Maji ya ndimu yamegeuka rangi, yana ukijani. Nimeyatunza kwa ajili ya kesho. Ndimu ishirini hazimwagwi hivihivi.

Zawadi kasema kwa upole kwamba kikuku nimpelekee mwenye kazi yake. Nimemwambia mwenye kazi yake yuko mbele yake. Kanitazama sana, kisha karudi kwenye chapati zake.

Alhamisi, 21 Novemba

Naandika polepole ili nisikose mpangilio.

Saa tatu, dukani, nimekibana kikuku kwa plaizi. Nilipoachia, meno ya plaizi yalikuwa yamebaki kwenye fedha. Alama kumi na mbili, mbili kati yake za kina.

Saa nne nimezisugua alama kwa tupa. Zimetoka. Maua nayo yametoka. Si yote. Upande mmoja yamebaki matatu na nusu.

Saa tano nimeunga kifungo. Risasi imeganda hapo kama punje ya choroko, na kifungo hakifungi.

Saa sita nimekitumbukiza katika maji ya ndimu yanayochemka, nimekiacha kimebanwa kwa kibano, nikaenda kuswali. Niliporudi nimekikuta chekundu. Chekundu kote, kama sufuria ya shaba. Fedha ya mama yangu.

Nimekaa chini sakafuni. Mama amefariki mwaka wa tisa huu na sijawahi kuona dalili ya kunikasirikia mpaka leo. Nimemwomba radhi kwa sauti. Mteja aliyeleta pasi kasikia, kaondoka na pasi yake.

Ijumaa, 22 Novemba

Baada ya swala ya Ijumaa Mustafa kanifuata nje ya msikiti. Kauliza kikuku kimefikia wapi. Nimesema kiko pazuri. Kasema kama kuna tatizo lolote nimwambie tu mapema, yeye na Mzee Jafari wanafahamiana, hakuna haja ya Saida kusumbuliwa wiki ya harusi.

Mbinu yake nimeiona. Anataka niungame ili kikuku afunge yeye.

Nina mpango mwingine. Nitakwenda Kilambo. Pale kivukoni, mpakani, wanapita wafanyabiashara wa Msumbiji na bidhaa za kila aina. Kikuku cha fedha kinachofanana na cha mama hakiwezi kukosekana. Nitabadilisha, mwanamke gani atatambua?

Jumamosi, 23 Novemba

Kilambo, saa tatu asubuhi. Mama mmoja wa ng'ambo alikuwa navyo vikuku, vimeng'aa kabisa. Kaapa ni fedha ya bibi yake. Nimetoa mfukoni sumaku ya spika. Kikuku kikairukia. Tumetazamana. Kasema bibi yake alikuwa na nguvu za ajabu. Nimepanda bodaboda kurudi.

Saa saba nilikuwa kwa Mzee Jafari. Nimeweka kitambaa mezani, nikakifungua.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Kanieleza taratibu kwamba kibano cha chuma kikiingia katika ndimu iliyokwisha kula shaba, shaba yote hurukia fedha; ndiyo maana kile cha shaba kina msumari wake. Wekundu ule ni wa juu tu, kausugua ukatoka. Risasi kaikwangua chembe kwa chembe, kwa sababu moto ukiigusa itaitoboa fedha. Kifungo kakikaza kwa ribiti ndogo, kijipini kinachogongwa ncha zote mbili, bila moto. Mikono yake haikosei.

Maua, kasema, hayarudi. Yalichorwa na baba yake. Yeye mwenyewe macho hayaoni tena michoro midogo kiasi hicho. Kayapapasa yale matatu na nusu yaliyobaki, kisha kageukia dirishani. Nimetaka kumwambia pole. Nimemwambia kifungo kinafunga vizuri.

Jumapili, 24 Novemba

Harusi.

Niliingia chumbani kwa bibi harusi nikiwa na kanzu mpya. Saida kakipokea kikuku akipake mafuta kwanza. Kidole chake gumba kilizunguka, kikafika mahali palipo laini. Kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena.

Kaniuliza kwa sauti ndogo: Amiri, maua ya mama yapo wapi? Shangazi mmoja akauliza kuna nini. Nikainama kukunja pindo la kanzu.

Mustafa alikuwa mlangoni. Kasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba maua yamelika kwa miguu ya maharusi wengi, fedha nayo inazeeka. Watu wakaitikia. Hata aibu yangu anataka kuisemea yeye.

Saida kampa Mustafa kikuku. Hakunitazama. Mustafa alipoinama, Shamimu akaurudisha mguu wake chini ya kanga. Kasema atafungwa na Mjomba, au akae humo chumbani mpaka kesho.

Nimepiga magoti. Nikajaribu mara tatu. Ribiti ya mzee ikashika. Nimelia juu ya mguu wa mtoto wa dada yangu, mbele ya wanawake wote wa Magomeni, na yeye kaniwekea kiganja juu ya kofia mpaka nilipomaliza.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimetafakari tangu alfajiri. Bibi harusi mwenyewe kanichagua, mbele ya mashahidi. Mtu hachaguliwi hivyo kama kazi yake ni mbaya. Kilichoniangusha ni plaizi.

Saida kapita asubuhi kurudisha kanzu niliyoivua jana nikaisahau. Nimemwuliza kama bado amekasirika. Kasema hapana. Kasema tu kwamba kila alipokuwa akikipapasa kikuku kile alikuwa anampata mama, na sasa hampati. Kisha kaenda zake.

Niliumia sana. Nililia tena, peke yangu, nyuma ya redio.

Ndipo nikaona njia. Maua yanaweza kuchorwa upya. Mzee Jafari macho yamemchoka, yangu ni mazima. Nimenoa msumari wa chuma, umekuwa mkali kabisa, na nyundo ipo. Nikimrudishia Saida maua yote kabla ya Idi, atampata mama.

Ila safari hii sikurupuki. Nitafanya mazoezi kwanza, na si kwenye shaba, maana shaba ndiyo iliyonidanganya. Fedha inataka fedha. Pete ya ndoa ya Zawadi ni ya fedha, pana kidogo, inatosha maua manne. Akikanda unga huivua na kuiweka dirishani.

Sasa hivi yuko jikoni. Anakanda wa kilo tano.