Boksi la Keki Ghorofa ya Sita

Mtaani walimwita Pasi, kwa kuwa nguo zake ndizo kitu pekee kilichonyooka maishani mwake. Siku tatu alikaa ng'ambo ya barabara akiitazama ile kampuni kubwa ya kompyuta, na siku ya tatu akaona pa kupitia. Likizo ilikuwa imeleta wanafunzi arobaini wa chuo kufanya mafunzo ya kazi. Sura mpya zilikuwa nyingi hadi mlinzi akachoka kuuliza. Tena aliyebeba keki hakudaiwa kitambulisho. Alifunguliwa mlango, na tabasamu juu.

Ijumaa Pasi akatokea na boksi kubwa la keki, tupu kama ahadi zake.

"Shikamoo mzee. Mikono imejaa, nisaidie mlango."

"Marahaba, mwanangu. Ya nani leo?"

"Ya bosi. Usimwambie, tunamshtukiza."

Mlinzi akafungua, akaahidi kuitunza siri. Aliitunza kweli, maskini.

Kwenye lifti Pasi alilibana boksi kwapani ili abonyeze kitufe cha sita. Kando yake alisimama msichana wa chuo, kitambulisho cha mafunzo shingoni. Wiki nane alikuwa akimwambia bosi wake kwamba jengo lile linaingilika kama soko, na bosi akicheka tu: "Binti, leta ushahidi." Leo ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo, yake na ya wenzake. Bila ushahidi hapakuwa na kuajiriwa, na kazi ile aliitaka mpaka ilimkosesha usingizi.

"Kaka, unaonekana mgeni. Nikusaidie?"

"Ubarikiwe, dada yangu. Laptopu mpya mnaziweka wapi? Nimeagizwa nizikague nikishafikisha keki."

Lifti ikafunguka ghorofa ya sita, msichana akanyoosha kidole. "Chumba kile. Ngoja nikufungulie."

Pasi nusura amwonee huruma. Wapo watu, aliwaza, ambao kutowaibia ni kuwakosea adabu. Akatoa laptopu nne kabatini, akazipanga ndani ya boksi, akafunga utepe vizuri.

"Jasho linakutoka, kaka," msichana alisema. "Maji ya baridi yako pale kona. Boksi nitakushikia."

Pasi akanywa bilauri mbili, kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi. Aliporudi, boksi lilikuwa palepale, utepe wake umefungwa. Akashuka nalo.

"Mbona unairudisha?" mlinzi akauliza.

"Wamekosea jina la bosi, mzee."

"Pole, mwanangu." Akafunguliwa mlango tena.

Nyumbani alilitua boksi mbele ya dada yake mkubwa, aliyemlisha miaka yote hii, akakata utepe kwa madaha. Ndani kulikuwa na keki imeandikwa kwa krimu: Kwaherini Wanafunzi. Juu yake kikaratasi:

"Kaka, kamera zimekuona ukiingia na ukitoka, nilihitaji vyote viwili. Laptopu nimezirudisha kabatini. Sasa nakwenda kumwonyesha bosi. Siku nyingine ujue, keki haibebwi kwapani."

Jumatatu msichana alifika kazini na kitambulisho cha mwajiriwa. Picha ya Pasi ilikuwa imebandikwa mlangoni, na mlinzi, aliyesimama chini yake, alikisoma kitambulisho mara mbili kabla ya kumfungulia.

Pasi mwenyewe hakutoka siku hiyo. Dada yake alimkatia kipande cha mwisho, akamsogezea sahani.

"Kula, mdogo wangu. Ndicho chakula cha kwanza ulichowahi kuleta nyumba hii kwa jasho lako."