Lopeti na Safari ya Kipimajoto

Sogeeni, enyi wenye migongo iliyolowa, nanyi mlioketi penye kiyoyozi msione haya, mlisikie tendo kuu lililotendeka Penrith, kule kusini mwa dunia ambako Januari ni kiangazi, katika jengo ambalo bado halina paa.

Siku hiyo jua liliwashukia mafundi wa nondo kama jeshi lisilochukua mateka. Lopeti wa visiwa vya Tonga, Mkunja Vyuma, Simba wa Koleo, akamtazama shemeji yake Saia: jasho limemkauka, koleo limemponyoka mara ya tatu.

"Kapumzike, shemeji."

"Nipumzike, niitwe bibi harusi?" Saia akajibu kwa ulimi mzito.

Mkataba wao ulisema joto likifika nyuzi thelathini na tano, zana chini. Ila kipimajoto chenyewe msimamizi Gavin alikitundika ofisini kwake, kando ya friji, nacho kilisoma ishirini na nne tangu Novemba.

Lopeti akashuka, akasimama mlangoni kama mjumbe wa vita. "Bosi, nimekuja kukitoa hicho kidude kikaione dunia."

"Hakiguswi ila na mwakilishi wa usalama," Gavin akasema, akitafuna barafu. "Naye yuko likizo."

Lopeti akageuka, akanguruma kuelekea juu: "Wanaonitaka niwe mwakilishi, mikono!"

Ikainuka mikono kumi na saba. Hata wa Saia uliinuka, nusu.

"Uchaguzi umekwisha, bosi. Ulikuwa huru na wa haki."

Ndipo shujaa akakibeba kipimajoto kwa mikono miwili, kama mtoto wa siku moja, hatua arobaini na ngazi mbili, akakiweka katikati ya nondo, akakikinga kwa kofia yake mwenyewe, asije Gavin akadai jua limehongwa. Thelathini. Thelathini na tatu. Kwenye thelathini na nne kikagoma kama punda, na watu wazima wakasahau kupumua. Kisha kikapanda, hakikusimama hadi thelathini na tisa.

"Kitakuwa kibovu hicho," Gavin akasema.

"Kwako kilikuwa kizima, bosi!" Lopeti akajibu.

Zana zikaanguka kwa kishindo. Saia akateremshwa kivulini, akamwagiwa ndoo tatu, akafumbua macho, akawatukana wote hadi babu zao. Nao wakashangilia, maana anayetukana bado yupo.

Na iandikwe, vizazi visome: siku ile, dakika ishirini kabla ya muda wa kutoka, joto la Penrith lilitambuliwa rasmi kuwa ni joto.