Picha Sita za Shamba la Mama Oresta

Ndugu zangu, leo sina pa kuuficha uso. Nimejifungia chumbani hapa mtaani Chanji, blanketi mpaka puani, na si kwa sababu ya baridi ya Julai peke yake.

Nitawasimulia kwa utaratibu, ili mkicheka mcheke mkiwa na habari kamili.

Wengi mnanijua kama fundi wa mabango. Saluni, duka la pembejeo, mgahawa, ukiona herufi nyekundu zenye kivuli cha njano hapa mjini, huo ni mkono wangu. (Zile zilizopinda ni za mtu mwingine.) Msichokijua ni kwamba Jumapili huwa nachora. Nachukua vipande vya plaiwudi vilivyobaki kazini, kila kimoja ukubwa wa daftari, na rangi ya mafuta iliyobaki kwenye makopo, napanda njia ya kuelekea milima ya Mbizi na kuchora ninachokiona. Mashamba, vilima, mawingu.

Nilianza mwaka jana mwezi wa nane, mwezi mmoja baada ya kumzika mama yangu. Nyumbani palikuwa hapakaliki. Kila chombo nilichogusa alikuwa amekigusa yeye. Basi Jumapili moja baada ya misa ya kwanza nikabeba makopo yangu, nikatembea mpaka nikakuta jiwe kubwa juu ya mteremko, upande mmoja bapa, nyuma limeinuka kama egemeo la kiti. Mbele yangu kulikuwa na shamba linaloteremka mpaka kwenye kijito, nyasi za pembeni zimechomwa, nyeusi tii. Nikasema haya, rangi nyeusi ninayo ya kutosha. Nikakaa.

Baada ya nusu saa akatokea mama mmoja wa kama miaka sitini, anavuta mguu wa kushoto. Nikajua nafukuzwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakuleta hapa?"

"Nimekuja mwenyewe. Nachora."

Akachungulia kibao changu, akanitazama usoni, nadhani akaona nilikuwa nimelia.

"Kaa tu," akasema. "Jiwe langu, shamba langu. Hakuna wa kukuuliza."

Akarusha mkono hewani, kama mtu anayeonyesha mali yake yote kwa mara moja. Mimi macho yangu yalikuwa mbele, kwenye shamba jeusi. Ule mkono sikuufuatilia ulikoelekea. (Kesi ilianzia hapa. Wekeni alama.)

Huyo ndiye Mama Oresta. Mumewe alishafariki, mwanawe Oresta ameolewa Mbeya, analima peke yake. Tangu siku ile, kila nilipopanda alikuja kukaa na mimi kwenye jiwe, maana Jumapili halimi. Hakuniuliza nalia nini. Alikuja na kitu cha kula. Mwezi wa pili mahindi ya kuchoma. Mwezi wa tatu maharage mabichi ya kuchemsha na chumvi. Mwezi wa sita, ile baridi ya upepo inayoingia mpaka kwenye meno, alinibebea chai kwenye chupa na akanifunika kitenge chake mabegani. Nawaambieni ukweli, mwaka huu nilivuka kwa sababu ya yule mama. Daktari hakunisaidia hivyo, na ndugu zangu wa damu (mnaosoma hapa, mnajijua) hamkunisaidia hivyo.

Kwa hiyo nikawa namchorea shamba lake, kimyakimya. Picha ya kwanza lile jeusi la mwezi wa nane. Ya pili mwezi wa kumi na moja, mvua imeanza, udongo mwekundu umepinduliwa. Ya tatu Januari, mahindi yamefika kifuani. Ya nne Machi, alizeti njano upande wa kijito. Ya tano Mei, mahindi yamekauka yanasubiri kuvunwa. Ya sita ya mwezi uliopita, mabua na ukungu.

Kulikuwa na dalili, sikatai. Mama Oresta alikuwa na tabia ya kunyooshea kidevu kona ya juu kulia na kusema, "Ile kona wangeipalilia." Mwezi mzima wangeipalilia. Mwezi uliofuata wangeipalilia. Mimi nikadhani analalamikia vibarua wake. Nikawa naitikia, "Watu wa siku hizi, mama." Na kwa kuwa mimi ni fundi mwaminifu, magugu yale nilikuwa nayachora yote, jani kwa jani.

Dalili ya pili ni Baba Wense. Huyu ni jirani yake Mama Oresta na mwenyekiti wa jumuiya yao, mtu wa suti ya kahawia. Jumapili nyingi alikuwa anaingia katikati ya lile shamba, anasimama mkono kiunoni, anatazama mbali. Dakika ishirini hatikisiki. Mimi nikawa nakereka. Mtu gani huyu anazurura kwenye shamba la mjane wa watu? Nikawa nasubiri aondoke. Asipoondoka namruka, napaka mahindi mahali aliposimama.

Sasa wiki mbili zilizopita Mama Oresta akaniambia anahama. Mguu umekataa kulima, Oresta amemwita Mbeya, shamba anamwachia mtoto wa dada yake. Alisema kwa sauti ya kawaida, huku anamenya muhogo. Kisha akasema, "Kule anakaa ghorofani. Nikiamka sijui nitatazama nini."

Nikajua picha zangu zilikuwa zinangoja nini.

Leo baada ya misa jumuiya ilikutana uani kwake kumuaga. Kama watu thelathini. Sala, wimbo, kisha zawadi. Mmoja kitenge, mwingine sufuria, mwingine kuku ambaye alikuwa hataki kuagwa naye. Mimi nikaomba niwe wa mwisho. (Kiherehere.) Nilikuwa nimezipanga picha zote sita kwenye benchi, nimezifunika kanga. Na nilikuwa na hotuba. Mtu wa mabango akipewa nafasi ya kuongea, mvumilieni.

Nikasema mama huyu alinilisha nilipokuwa siwezi kula. Nikasema sikuwa na mama, nikakuta jiwe, na juu ya jiwe nikampata mama. Akina mama wakaanza kufuta macho kwa kanga. Baba Wense akatoa leso. Nikaona mambo yananoga, nikapandisha sauti.

"Mama, kesho unaondoka na basi la alfajiri. Lakini hutaliacha shamba lako. Shamba lako, ulilolilima kwa mikono yako, msimu kwa msimu, unakwenda nalo."

Nikavuta kanga.

Nilitegemea vigelegele. Watu wakainama kuangalia, wakaangaliana, wakainama tena. Mzee mmoja wa nyuma akakohoa. Nikajua wamezidiwa na uzuri.

Baba Wense akavaa miwani. Akasogea mpaka kwenye benchi, akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hili," akasema taratibu, "ni shamba langu."

Nikacheka. "Mwenyekiti usitanie, tuko kwenye mambo ya maana."

"Mparachichi huu niliupanda mimi mwaka aliozaliwa Wense. Na hicho kijito ndicho mpaka wangu." Akainamia ya nne. "Alizeti zangu hizi. Mbona mimi mwenyewe simo? Nilikuwa nasimama pale kila Jumapili na suti."



Kabla sijajibu, mama mmoja mwenye sufuria ya zawadi mkononi akasema, "Ee, ni kwa mwenyekiti kweli. Si ile kona yake ile?" Wote wakasogea. Picha zikaanza kupita mkono kwa mkono. "Januari magugu yapo." "Machi yapo, tena yamezidi." "Mwenyekiti, si ulitutangazia kwenye jumuiya kwamba umemaliza palizi? Ukatuambia tuige mfano?" Baba Wense akavua miwani, akaanza kuifuta. Mtu akauliza kama kuna ya Mei. Ya Mei ilikuwepo. Magugu ya Mei niliyapa hadi kivuli.

Mimi sikuwa na muda wa kesi ya palizi. Nilimgeukia Mama Oresta.

"Mama, kwani shamba lako liko wapi?"

"Nyuma ya jiwe."

"Nyuma ya jiwe wapi?"

Akanionea huruma, nikaiona kabisa. "Nyuma yako, mwanangu. Pale ulipokuwa unaegemeza mgongo."

Basi, uwanja mzima ukaangua kicheko. Yule wa sufuria alikaa chini. Kuku akafunguka kamba, hakuna aliyemfukuza. Mwaka mzima. Misimu yote. Nimechora shamba la jirani jani kwa jani, na la mama aliyenilisha nikaliegemezea mgongo. Njia yangu inapandia upande wa Baba Wense, jiwe limeinuka nyuma, hata siku moja sikuwahi kuzunguka kwenda kuangalia upande wa pili kuna nini. Nilikuwa nakula tu.

"Sasa mbona hukuniambia?" Sauti yangu ilikuwa imebaki robo.

"Nilidhani unajua." Akarekebisha kitenge chake magotini. "Nikasema labda langu halichoreki."

Jamani. Vicheko vyote vile havikuniuma. Hilo neno ndilo lililonimaliza. Kwa hiyo mwaka mzima yule mama alikuwa anakaa pembeni yangu akiamini nimelitazama shamba lake nikaliona baya, na bado ananiletea mahindi. Nikaanza kukusanya vibao vyangu nirudi mjini nikafie mbali.

Akanishika mkono. "Weka chini. Hizo ni zangu, umeshanipa."

"Lakini mama, si shamba lako."

"Langu nimelilima nimeinama," akasema. "Miaka yote nimeona udongo na miguu yangu. Nikipanda kwenye jiwe kunyoosha mgongo, ninachokiona ni hiki hapa. Mparachichi huu, kijito hiki, na kona ya huyu asiyepalilia. Ndicho nitakachokuwa natafuta nikiamka kule ghorofani."

Hata Baba Wense akasema, "Ni kweli, dada," halafu akaongeza kwamba kona ataishughulikia.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini neno lile la halichoreki lilikuwa limeniganda rohoni. Nikamuuliza mama saa ngapi anafunga mizigo. Nikashuka mjini mbio na bodaboda, nikachukua kibao kimoja na makopo manne, nikarudi kwenye jiwe na kwa mara ya kwanza nikalizunguka.

Lina matuta. Yale matuta yetu ya duara, ambayo nyasi hufukiwa ndani zioze, yamepangana kwenye mteremko mzima mpaka chini. Maharage yameshavunwa, yamebaki matuta matupu, na jua la saa kumi lilikuwa linayapiga kwa pembeni, kila tuta na kivuli chake. Yale yaliyoko chini makubwa na mazuri, na kadiri unavyopanda yanakuwa madogo na kupungua, huko ndiko mguu ulikoanza kukataa. Ungeweza kusoma mwaka wake wote pale bila kuuliza mtu. Ni shamba zuri kuliko la Baba Wense kwa mbali sana. (Msimwambie. Ameshaniagiza picha yake, na suti.)

Upande ule jiwe limechongoka, halikaliki. Nilikaa hivyohivyo, adhabu ni haki yangu. Baadaye nikasikia mguu unaburuzwa. Mama Oresta alikuwa amekuja na chupa ya chai, siku yake ya mwisho, mizigo nusu haijafungwa. Akakaa penye ncha pembeni yangu, akatazama kibao, akatazama shamba.

"Kumbe linachoreka," akasema.

Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Kunywa chai, itapoa."

Nilimaliza jua likizama. Ni picha yenye haraka, anga nimelipaka kwa rangi iliyobaki ya bango la saluni, na ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Rangi ya mafuta kwa baridi hii haitakauka kabla ya basi. Mama amesema ataishika kwenye kingo, mapajani, mpaka Mbeya, na atakayeigusa atachafuka shauri yake.

Kwa hiyo anayesafiri kesho alfajiri, ukimwona mama amekaa wima na kibao kibichi, msogelee kwa adabu na umsaidie begi. Na msinicheke. Au basi, chekeni, ila kabla ya kucheka kila mmoja ageuke kwanza aone ameegemea nini.