Ombi la Bomu Moja, Hata la Mtumba

Kwa: Mataifa Makubwa Yenye Mabomu (msomewe mkiwa pamoja)
Kutoka: Fundi wa mashine ya mionzi, hospitali ya wilaya
Yah: Beringi yetu iliyozuiliwa, na mengine yaliyotokana nayo

Waheshimiwa Wakubwa,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, nyinyi na mabomu yenu. Huku kwetu hatujambo, isipokuwa mashine ya kutibu saratani, ambayo imelala mwaka mmoja na miezi miwili, na mama mkwe wangu, ambaye anaisubiri akiwa kwenye kochi langu. Mimi si mtu wa kulalamika. Muulizeni mke wangu, ingawa nawaomba msimuulize wiki hii.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine yetu ina kichwa kinachomzunguka mgonjwa, na kichwa hicho huzungushwa na beringi moja ya chuma, upana wake kama kisahani cha chai. Beringi ilikufa, tukaagiza nyingine kwa mmoja wenu. Ikaja barua yenye mihuri mitatu kwamba beringi haiwezi kusafiri, kwa kuwa huenda ikatumika kuzungusha kitu kingine, na kwamba uamuzi huo ni kwa ajili ya amani ya dunia. Sikatai, beringi huzungusha. Ila kitu kingine cha kuzungushwa tulicho nacho hapa ni feni ya chumba cha kusubiria, nayo tunaizungusha kwa mpini wa ufagio.

2. Baadaye wakaja wakaguzi watatu, watu wa heshima, na masanduku yao. Ndani ya mashine mna madini ya mionzi, kichupa kisichozidi kidole gumba, na kwa kuwa nchi yetu ilisaini mkataba wa kutoeneza silaha za nyuklia, wakakihesabu. Kilikuwa kimoja. Wakakihesabu tena. Kisha wakatoa pamba nyeupe wakapangusa kuta, vitasa, meza yangu na kifuniko cha chupa yangu ya chai, wakazitia pamba zile kwenye mifuko na kuzipeleka ng'ambo zikachunguzwe. Vumbi la meza yangu limepanda ndege, mimi sijawahi. Nilimuuliza mkubwa wao, kwa adabu zote, ni lini nami nitakuja na pamba zangu niwapanguse nyinyi. Alicheka mpaka akavua miwani. Nilikuwa sitanii.

3. Ndipo nikausoma mkataba wenyewe, mke wangu akinisaidia maneno magumu. Kumbe waliolipua bomu kabla ya kuanza mwaka 1967 ndio wenye mabomu kihalali, na sisi wengine tumeahidi kutoyagusa. Najua asiyekuwepo na lake halipo, lakini waheshimiwa, mimi sikuwepo kwa sababu sikuwa nimezaliwa. Na nyinyi mliahidi humo humo kwamba mtakaa mzungumze, kwa nia njema, jinsi ya kuyaondoa ya kwenu. Nimezaliwa, nimesoma, nimeoa, nimeota mvi, na bado mmekaa kwa nia njema. Sisi tukichelewesha fomu ya robo mwaka siku mbili, simu inalia. Huo ndio mkuki kwa nguruwe, na mimi nimechoka kuwa nguruwe.

4. Wapo pia waliopitia dirishani. Hawakusaini, wakajitengenezea ya kwao kimya kimya. Wengine mliwanunia, halafu mkawavutia kiti. Wengine hata hamkuwanunia, maana ni marafiki. Aliyesaini na kutii ndiye anayepanguswa chupa ya chai.

Hapa naomba niseme la moyoni. Mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu. Uvimbe wa shingoni ulipoonekana ulikuwa kama punje ya hindi, na daktari alisema mashine ingeumaliza kwa vipindi thelathini. Sasa ni kama limau. Sauti yake ilikuwa inafika nyumba ya tatu, na miaka yote ya ndoa yangu nimeiogopa. Siku hizi ananigombeza kwa mnong'ono, na jioni nyingine nabaki kumsoma midomo tu. Hospitali nyingine yenye mashine ina foleni ya miezi tisa. Ninaogopa, waheshimiwa, na sijui namna ya kiofisi ya kuliandika hilo.

5. Kwa hiyo nimekaa nikafikiri kifundi. Mwenye bomu hanyimwi beringi. Asiye na bomu hunyimwa beringi asije akapata bomu. Basi njia fupi ya kupata beringi ni kuanza na bomu. Naomba mnipatie moja, dogo, hata la mtumba, miongoni mwa yale mliyoahidi kuyaondoa, tutakuwa tumesaidiana. Nafasi ipo nyuma ya chumba cha kufulia, kati ya tangi la maji na gari la wagonjwa lililokufa. Mganga mkuu hana pingamizi, mradi liandikwe namba kwa rangi nyeupe kama viti vyetu. Mama wa kufulia ameomba tu lisizibe kamba zake za nguo.

Sitalilipua. Nitaahidi, kama nyinyi, kulipunguza kwa nia njema, na nikifika nusu nitawaarifu. Wakaguzi wataingia siku niitakayo na mahali niwatakapo, na chai itakuwepo. Baada ya hapo natarajia beringi itakuja mikononi mwa balozi, naye ataniuliza kama tungependa na ya akiba. Kuhusu uaminifu wangu msiwe na shaka. Nimekilinda kichupa kile miaka kumi na moja, na hakijawahi kusogea bila mimi kujua.

Wasalimieni wake zenu na waume zenu, wale wakaguzi watatu, na huyo anayekaa na vumbi langu. Mke wangu anawasalimu. Mganga mkuu na mama wa kufulia pia.

Wenu katika kuhesabiwa,

Fundi wa mionzi

Baada ya kusaini: Mama mkwe ameisoma barua hii kabla sijaifunga, kwa kalamu nyekundu. Amesahihisha mahali pawili na kulifuta ombi langu lote. Pembeni ameandika kwamba tangu Jumatatu chumba cha mashine nakifungua kwa mpini wa kijiko, kwa sababu ufunguo niliusahau mfukoni mwa koti na koti likaenda kufuliwa, na kwamba mtu wa namna hiyo hapewi bomu. Ni kweli, na wakaguzi wakiuliza nitawaambia. Chini yake ameongeza kwamba makoti yenu nayo yana mifuko ya kusahaulia funguo. Basi bomu msilete. Leteni beringi tu, na upesi, kwa maana mama wa watu ana mengi ya kunigombeza na sauti inamwishia.