Mkizi wa Kundi la Tisa

Siku mkaa ulipotangazwa kuwa ni hatari kwa dunia nzima, Gharib mwenye mkahawa alikuwa ameushika kwa koleo, anaupuliza taratibu, tayari kuuweka juu ya shisha ya Bahiga.

"Hebu usiuweke kwanza," ilisema sauti nyuma ya gazeti. Sauti hiyo ilikuwa ya Bushra, waliyemwita Karani. Aliwatumikia mawakala wa meli pale Port Said hadi akastaafu, na mpaka leo hata kahawa huiagiza kwa uzito na ujazo. "Sikilizeni. Mataifa ya meli yalikaa London yakaamua. Mkaa wowote unaopita baharini sasa ni shehena ya hatari. Utangazwe, ubandikwe lebo, upoe wiki mbili kabla ya kufungiwa kwenye kontena."

"Wiki mbili," alisema Gharib, akilitazama kaa lake jekundu. "Wateja wangu hawanivumilii nikienda msalani."

"Weka moto, Gharib," alisema Bahiga. "London ni mbali."

Bahiga ndiye mwanamke pekee mwenye kiti kwenye kijiwe kile. Duka lake la fasikhi, mkizi waliovundishwa kwa chumvi, limeegemea ukuta wa mkahawa kama mlevi anavyomwegemea rafiki yake. Nani alimruhusu kukaa na wanaume, hakuna aliyekumbuka. Waliopinga wote wamekwisha kufa, na yeye hupenda kuinua nyusi kidogo kila jambo hilo linapotajwa.

"Na si mkaa tu," Bushra aliendelea. "Hata unga wa samaki umo kwenye kitabu cha hizo sheria. Ukiurundika unapata joto wenyewe, mara unashika moto."

"Marehemu mume wangu alikuwa hivyohivyo," alisema Bahiga, "na hakuna aliyemwandika gazetini."

Wakacheka. Bahiga hakucheka sana. Neno samaki lilikuwa limemgusa mahali.

Maana mwanawe wa pekee, Rawya, alikuwa Ugiriki, bandari ya Pirea, mumewe Midhat anachomelea vyuma kwenye karakana ya meli. Rawya alikuwa na mimba kubwa, na mimba ile ilikuwa imechagua. Haikutaka zabibu wala jibini. Ilitaka fasikhi ya mama. Na kila mtu Port Said anajua: mwenye mimba akitamani kitu asikipate, kisha akajikuna, pale alipojikuna ndipo mtoto huzaliwa na picha ya kitu chenyewe. Mtaani kwao kulikuwa na mwanamume mwenye bamia shingoni. Bahiga hakuwa tayari kupata mjukuu mwenye mkizi usoni. Debe lilikuwa limekwisha kuzibwa. Kesho lilikuwa liondoke na Sabri, kijana wa mtaani aliye mpishi wa meli iendayo Pirea.

Simu ikalia. Alikuwa Sabri.

"Mama Rawya, kimenuka," alisema. Bahiga alikuwa ameiweka simu juu ya meza ya dhumna ili kila mtu asikie, maana kijiwe kile siri zake husikiwa na watu wote. "Msaidizi wa nahodha kasoma hizo sheria mpya. Kapekua jiko langu, katupa mpaka achari. Kasema chochote kinachovimba, kinachovuja au kinachonuka hakipandi bila kutangazwa."

"Fasikhi yangu hainuki," alisema Bahiga.

Upande wa pili Sabri akakohoa. Kijiweni kila mtu akaangalia dhumna zake.

"Ina harufu kidogo," alisema hatimaye Haji Atwa, kwa upole. Huyu ndiye waliyemwita Bambuti, yaani mchuuzi wa mashuani. Maisha yake yote alizifukuza meli kwa mashua akiwauzia mabaharia ngamia wa ngozi na Firauni wa plasta. Anajua lugha saba, zote za kupatana bei na kutukana. "Dawa ninayo. Ninaye Firauni mkubwa ndani, tumbo lake tupu. Tunawapanga mkizi humo, tunaziba kwa plasta, anapanda meli kama mfalme."

"Na akinuka?" aliuliza Fikri.

"Ni maiti wa kale yule. Ulitaka anukie?"

"Acha fiksi, Haji. Mimi ni mtu wa bahari, niulizeni mimi."

Fikri naye aliitwa Kapteni. Aliendesha kivuko cha kwenda Port Fuad, ng'ambo ya mfereji, kutoka Afrika hadi Asia na kurudi, tangu ujana hadi pensheni, na hajawahi kupotea njia.

"Mtu wa bahari," alisema Atwa. "Safari yako ndefu kuliko zote, abiria alimaliza mkate nusu."

"Lakini nilivuka mabara. Wewe ulikaa katikati ukiuza ngamia."

"Nyamazeni," alisema Bahiga. "Mwanangu anajikuna huko nanyi mnapimana mabara. Karani, wewe ndiye uliyeileta habari hii. Itoe ilikoingilia."

Bushra alikunja gazeti mara mbili. Alikuwa anangoja kuulizwa tangu alipostaafu.

"Baharini, Mama Rawya, watu hawaogopi sumu. Wanabeba sumu kila siku, mapipa kwa mapipa, na usiku wanalala. Wanachoogopa ni sumu isiyo na jina. Tuitangaze fasikhi. Tuipe kundi, tuipe lebo, ipande kwa mlango wa mbele."

"Kundi gani?"

"Yako tisa. La kwanza, vilipukavyo."

"Hilohilo," alisema Fikri. "Mwaka ule debe lake lilipopasuka juani, nilikuwa katikati ya mfereji. Niligeuza kivuko nikidhani vita vimerudi."

"Halikupasuka," alisema Bahiga. "Lilipumua."

"Linalopumua ni la pili," alisema Bushra. "Gesi."

"Gesi ni wewe, Kapteni," Bahiga alimgeukia Fikri, "ukishakula maharage ya asubuhi."

Gharib, aliyekuwa anafuta meza ambayo ilikuwa safi, akaona naye achangie. "Mimi nasema la sumu. Kila ikifika Shamu Nasimu, sikukuu yenyewe ya fasikhi, wizara ya afya inatangaza redioni watu wasile fasikhi."

Bahiga alitoa bomba la shisha mdomoni, akaliweka mezani kama mtu anayeweka kisu. "Gharib. Nani kafa kwa mkono wangu?"

"Sikusema kafa."

"Taja jina."

"Abdulazim fundi viatu alilazwa."

"Abdulazim alikula yangu akaongezea ya yule tapeli wa sokoni. Tumbo likashindwa kulinganisha. Endelea kufuta meza."

"Na mionzi je?" alisema Atwa. "Mionzi naiona ndiyo yenyewe. Nikila kwa Bahiga, mke wangu ananihisi nikiwa mtaa wa pili, na hakuna ukuta unaozuia."

Bushra aliinua kidole. "Kitabu kina busara. Kitu cha hatari kisichoeleweka kikae wapi kinapelekwa kundi la tisa. Linaitwa Mengineyo."

Bahiga alimtazama juu hadi chini. "Mengineyo," alisema. "Samaki niliyemkalisha kwenye chumvi nikimwamkia kila alfajiri kama mkwe, aitwe mengineyo. Kama vifungo vilivyobaki kwenye kopo la mshonaji."

"Ndilo kundi watakalolikubali bila maswali mengi."

"Sikubali. Afadhali sumu. Sumu ina heshima."

"Hasira za mkizi, tijara kwa mvuvi," alisema Fikri. "Bibie, unataka heshima, au unataka mjukuu asiye na mapezi?"

Hapo akanywea. Alivuta shisha mara moja, moshi ukamtoka puani polepole. "Andika," alisema.

Kalenda ya mwaka uliopita ilishushwa ukutani, ikageuzwa nyuma. Bushra akachora lebo yenyewe: mraba uliosimama kwa ncha, nusu ya juu michirizi myeusi wima, nusu ya chini nyeupe, na tisa kwenye ncha ya chini. Wino mweusi haukuwepo, kwa hiyo Bahiga alitoa kichupa chake cha wanja kifuani, na michirizi ikapakwa wanja. Debe likaingizwa kwenye sanduku la mbao, lebo ikabandikwa kwa gundi ya unga. Wote wakarudi nyuma hatua moja.

"Limependeza," alisema Gharib. "Utadhani la serikali."

Neno lile ndilo lililoharibu. Wanaume walipoondoka kwenda kula, Bahiga alibaki na sanduku lake, naye akaliona kweli limependeza. Akawaza macho yatakayoliangalia: wachukuzi, mabaharia, Wagiriki wenye macho ya samawati. Kitu kizuri kisiposindikizwa huliwa na kijicho. Gari jipya hupigwa kiganja cha damu ya kondoo, nyumba mpya vilevile. Kondoo hakuwa naye, lakini hina mbichi alikuwa nayo. Akachovya kiganja, akakipiga ubavuni mwa sanduku kwa nguvu zake zote, vidole vitano wazi. Hina ilikuwa nyepesi, ikachuruzika matone. Akaridhika, akanawa.

Kesho yake jioni Sabri akapiga simu, anaongea kwa kunong'ona.

"Mama Rawya, kulikuwa na nini kingine humo?"

"Mkizi. Kwani vipi?"

"Msaidizi wa nahodha aliiona ile tisa, akatikisa kichwa, sawa, pakieni. Halafu akazunguka upande wa pili. Akaona mkono unachuruzikiwa matone. Akakaa chini."

Bushra alifumba macho. "Ulipiga kiganja," alisema.

"Kwa ajili ya kijicho," alisema Bahiga. "Ulitaka aende uchi?"

"Mkono na matone, Mama Rawya, ndiyo picha ya kundi la nane. Vitu vinavyokula nyama na chuma. Asidi."

Kijiwe kizima kiligeuka kumtazama Bahiga, na wapo waliotazama matumbo yao.

"Basi wamemshusha?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hapana," alisema Sabri. "Kasema shehena iliyotangazwa vizuri namna hii hajaiona tangu aanze kazi. Wamelibeba kwa glavu, wamelifunga mbele kabisa ya meli, peke yake, mbali na joto, mbali na chakula, mbali na watu. Nahodha mwenyewe hana nafasi kama ile."

Bahiga alikaa sawa kitini, akatengeneza ushungi. "Mbele kabisa," aliwaambia. "Peke yake. Nanyi mlisema mengineyo."

Furaha ile haikufika mbali. Pirea, forodha ililizuia sanduku. Walikuja watu wenye mavazi meupe mpaka vichwani, wakalizungushia utepe, wakaanza kubishana kama ni la tisa au la nane. Ubishi ule Bahiga aliusikia kwa simu, akasema ni afadhali wangeuleta kijiweni, ungekwisha haraka. Rawya alikuwa nje ya uzio, na kwa siku tatu hakutaka kuondoka.

"Namwona, mama," alisema. "Yuko pale. Naiona lebo tu, imenielekea."

"Usijikune."

"Sijikuni."

"Rawya."

"Mama, hapa kuna mbu."

"Umejikuna wapi?"

Simu ikakatika. Bahiga aliiangalia kama imemtukana. Jioni ile hakuvuta shisha, na Gharib, kwa kumwogopa, hakumdai hata chai.

Siku ya tatu wenye mavazi meupe walilifungua debe. Likapumua. Wanne walirudi nyuma, mmoja akaenda kukaa ndani ya gari akafunga vioo. Ndipo mzee mmoja wa forodha, mtu wa visiwani, akaja bila barakoa, akanusa, akanusa tena, akauliza kama kuna mtu mwenye limau na kitunguu. Midhat alivyosimulia, samaki mmoja alichukuliwa kama sampuli. Baadaye mzee alirudi, kwa kuwa sampuli moja haitoshi kuthibitisha. Rawya alikula waliobaki amesimama palepale gatini, mkate mkononi, machozi yanamtoka, na hakuna aliyejua kama ni furaha au ni chumvi.

"Amekula," Bahiga alitangaza mkahawani. "Kwa hiyo hakuna alama."

"Alikula kabla ya kujikuna au baada?" aliuliza Fikri.

"Kapteni, rudi Asia."

Miezi ikasogea, na siku ikafika. Mkaa wa Gharib ulikuwa haujapoa wiki mbili wala saa mbili, dhumna zinagonga meza, simu ikalia. Midhat.

"Mama, hongera. Mtoto wa kiume. Wote wazima."

Atwa akatoa hongera kwa lugha nne, mbili kati yake zikiwa matusi. Bahiga aliinua mkono wanyamaze.

"Uso wake?"

"Safi, mama."

"Shingo, mikono, kifua?"

"Safi. Ila ana baka dogo. Takoni."

Dhumna zikasimama. Bahiga akaivuta simu karibu. "La samaki?"

"Si samaki," alisema Midhat, naye alisikika kama hajui aseme vipi. "Ni mraba. Umesimama kwa ncha. Juu una michirizi myeusi, chini ni peupe. Mkunga anasema hajawahi kuona."

Bushra alivua kofia, akaishika kifuani.

"Mtoto ametangazwa kisheria," alisema. "Anaweza kusafiri na meli yoyote."

Gharib, bila kuambiwa, aliliinua kaa kwenye shisha ya Bahiga kwa koleo, akalisogeza mbali na simu. Fikri naye akavuta kiti chake nyuma kidogo.

Bahiga aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akainama kwenye simu. Sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtu aliyengoja miaka mingi kulisema neno.

"Midhat, mwanangu. Kwetu sisi ni samaki, tangu babu wa babu. Hayo mengineyo yametoka kwenu."