Askari wa Ndani ya Mashine

Jumatatu, 4 Februari 1985
Kibaha, ofisi ya chakula cha msaada. Wamemleta Benedikta. Katoka kusomea kompyuta India, na kiti chake kimewekwa mbele ya mashine. Mahali pangu! Mkurugenzi, Mzee Mwishehe, ananiambia nimwonyeshe mambo madogo madogo. Mimi Kondo, niliyeitoa mashine ile sandukuni kwa mikono yangu! Mahindi ya njaa hayatoki ghalani bila kibali cha mashine, na anayechapa ni mimi. Wazee wa umri wa baba yangu wananipa shikamoo. Halafu nikae pembeni?

Jumanne, 5 Februari
Nimepata. Mashine ina askari wake humo humo ndani. Ni programu ya ulinzi: msimamizi humwamuru askari huyo kwamba fulani aingie, fulani atazame tu asiguse. Msimamizi ni mimi. Mzungu aliyekuja kutuunganishia mashine alituonya tusizichezee amri hizo, lakini keshaenda kwao. Benedikta alipotoka kula nikaamuru: asiingie yeyote. Kesho watanibembeleza.

Jumatano, 6 Februari
Benedikta kaandika neno lake la siri, kakataliwa. Nikakohoa, nikavuta kiti, nikaandika langu. Nimekataliwa na mimi! Kumbe yeyote ni pamoja na msimamizi. Nikasema ni umeme. Benedikta akajibu, kwa upole wa kuudhi, kwamba umeme hauchagui majina. Akasema anayo diski ya kuwashia mashine bila kumpitia askari, anaweza kuifungua leo leo. Nikamwambia Mzee Mwishehe kwamba Benedikta akithubutu, orodha ya vijiji vyote itafutika humo. Mzee akaogopa, akamkataza. Kibali cha mkono nacho hataki, anasema wafadhili hawakitambui.

Ijumaa, 8 Februari
Lori la mahindi limelala, halina kibali. Athanas, dereva, kapita kijijini kwetu Masaki kwa baiskeli, kaniletea salamu za shangazi Mwamvita, aliyenilea. Anauliza mahindi lini. Wameanza kung'oa mihogo michungu. Ile hulowekwa na kuanikwa siku kadhaa ndipo sumu itoke, lakini watoto wanalia njaa. Roho imeniuma. Nikaenda kumwambia Benedikta ukweli. Nikamkuta anacheka na Mzee Mwishehe. Nikajua wananicheka mimi. Nikarudi zangu.

Jumatatu, 11 Februari
Mzee kachoka, kamruhusu. Benedikta kaweka diski yake, kaifungua kabla ya chai. Hakuna kijiji kilichofutika. Akachapa vibali. Lori likaondoka. Jioni Athanas karudi, kavua kofia. Shangazi kazikwa jana. Mihogo hawakuisubiri ikauke. Alikula yeye kwanza, aone kama wajukuu wanaweza kula.

Alhamisi, 14 Februari
Masaki. Nimelia kaburini mpaka nikashikwa mkono. Ningesema Jumatano angekuwa hai, hilo nalijua. Mzee Mwishehe kaniondoa ofisini, kanileta huku kugawa mahindi. Ghala la kijiji lina kufuli moja lenye funguo mbili: mmoja ninao mimi, mwingine anao mwenyekiti wa kijiji, Pazi. Jana alinipita kama hanioni, na leo alitaka kufungua peke yake, eti watu hawajala tangu jana. Bila kuniuliza! Nimenunua kufuli langu, nimelifunga juu ya lake, ufunguo uko mfukoni. Foleni imefika hadi barabarani. Nakunywa chai kwanza. Pazi atakuja tu kuniomba.